Ruhusa ya 777 si dawa ya kila kosa

Wengi wanaojifunza mfumo wa kompyuta wa Linux mtandaoni, kuanzia saiba za Kisumu hadi Nakuru, huambiana kwamba mashine ikikunyima ruhusa ya faili, andika chmod 777 (chmod ni amri ya kubadili ruhusa za faili) na mambo yataisha. Si kweli, na wakati mwingine ndiko kuharibu zaidi.

Kila tarakimu ni jumla: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1. Ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi, ya tatu ya wengine wote. Basi 777 humruhusu kila mtumiaji wa mashine hiyo kuivuruga faili yako. Iweke kwenye faili ya ufunguo wa siri wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, uone: ssh itaukataa, ikilalamika kwamba uko wazi mno. Urudishe kwa chmod 600.

Anza na ls -l, amri ya kuorodhesha faili na ruhusa zake, utazame jina la mwenye faili. Mara nyingi tatizo liko hapo hapo: faili ni ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, nawe ni mtumiaji wa kawaida. Kinachotakiwa ni sudo chown, yaani kubadili mwenye faili kwa mamlaka ya root. Faili za tovuti kwa kawaida hutosheka na 644, folda 755. Folda inahitaji ile 1, la sivyo cd, amri ya kuingia kwenye folda, itagoma hata kama una ruhusa ya kuisoma.