Kutuliza akili na kujiambia pole: maswali tunayoulizwa Moshi

Mimi ni Muislamu, jirani yangu ni Mlutheri. Zoezi hili la kutuliza akili si dini ya watu wengine?

Chimbuko lake ni la Wabudha, hilo hatulifichi. Lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alilitenga na ibada akaandaa mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Hakuna kuabudu wala maneno ya kukariri. Unaangalia kinachotokea sasa hivi, ndani yako na mbele yako, bila kukihukumu. Anayeswali aendelee kuswali, na asiye na dini hakosi kitu.

Nauza ndizi Mbuyuni tangu alfajiri. Muda wa kukaa kimya nitautoa wapi?

Huhitaji kukaa, mama. Ukiosha vyombo, sikia maji mikononi. Mteja akiondoka, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, mara kadhaa. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Akili itakimbilia marejesho ya vikoba, na ukigundua imetoroka, irudishe. Huko kugundua ndiko zoezi lenyewe. Wengi huacha hapo wakidhani wameshindwa, nasi hutuuma, maana ndipo walipokuwa wameanza.

Nikikosea, najisema mpaka usiku. Huruma inahusianaje na afya?

Mtu akijikwaa njiani, hata usiyemjua, unamwambia “pole”, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Sasa ukipoteza fedha ya ada ya mtoto, unajiambia nini? Mara nyingi ni matusi ambayo usingethubutu kumtolea jirani. Kujilaumu kusikokoma huandamana na sonona na wasiwasi, na hukata usingizi. Basi weka mkono kifuani, jiite kwa jina, jiambie pole. Kisha jiulize: hatua inayofuata ni ipi? Huko si kujidekeza, kwani deni bado utalilipa, ila utalifikiria kwa kichwa kilichotulia.

Na konda akikufokea, toa pumzi moja kabla ya kujibu. Pengine naye hajala tangu asubuhi. Ila anayekupiga nyumbani ni jambo jingine: kumhurumia si sababu ya kubaki upigwe. Tafuta msaada.

Nikifumba macho, ajali niliyopata inanirudia. Nifanyeje?

Usifumbe. Tazama kitu kilicho mbele yako, sikia nyayo zako zikigusa sakafu. Hofu ikizidi, acha, tembea, zungumza na mtu. Zoezi hili halichukui nafasi ya dawa wala ya mshauri, kwa hiyo dawa ulizoandikiwa usiziache. Huzuni ikikaa wiki 2, au hamu ya chakula ikipotea, nenda hospitali, iwe Mawenzi au KCMC. Likija wazo la kujidhuru, usingoje kesho, na usiende peke yako: mwombe ndugu au jirani akusindikize.