Akili ikitoroka, irudishe: kutafakari kwa anayeanza

Wateja wangu wengi huja na kauli moja: "Dada, nilijaribu kutafakari nikashindwa, mawazo hayaishi." Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, ofisi yangu iko Sinza, na jibu langu huwa swali: mawazo yalipokuchukua, ulijuaje kwamba yamekuchukua? Hapo mtu hunyamaza. Kule kujua ndiko zoezi lenyewe.

Nadhani neno linatuponza. Kutafakari, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kulifikiria jambo kwa kina. Sasa mwambie mtu anayedaiwa ada ya mtoto na kodi ya nyumba akae kimya atafakari: atatafakari ada na kodi, na atainuka amechoka kuliko alivyokaa. Ninachofundisha mimi ni kuiweka akili mahali pamoja. Ikitoroka, unairudisha. Ikitoroka tena, unairudisha tena. Ukiirudisha mara 30 ndani ya dakika tano, umefanya zoezi mara 30.

Mahali pa kuanzia ni pumzi. Pumzi na kupumzika ni maneno ya tumbo moja, na mtu akipata ahueni tunasema ameshusha pumzi. Mwili nao unakubali. Ukivuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo; ukiitoa hupunguza, kwa sababu neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo kushuka hadi moyoni na tumboni, hupata nafasi ya kuutuliza. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, uvute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Wengi huusikia moyo ukibadilika papo hapo. Hii ni muhimu kwa sababu tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwa ujumbe wa deni kwenye simu kama zinavyoimwaga mbwa mkali akikutokea, na ujumbe wa deni huwezi kuukimbia.

Kaa kwenye kiti, kigoda au mkeka, mgongo wima bila kukakamaa. Tega kengele ya dakika tano, zima data, laza simu kifudifudi. Sikiliza hewa inapopita puani. Kila unapotoa pumzi hesabu: moja, mbili, mpaka kumi, halafu anza upya. Ukigundua umefika kumi na saba, au kichwani umeshapika na kupakua chakula cha jioni, rudi kwenye moja bila kujigombeza.

Hapo kwenye kujigombeza ndipo tunapokwama zaidi. Wengi wetu tulijifunza kwa kukemewa, kwa hiyo tukikosea tunajikemea kwa sauti zilezile za wakubwa: "hata hili limekushinda?" Sauti hiyo nayo ni wazo kama mawazo mengine. Isikie, iache, rudi kwenye moja. Mteja akiweza hili tu, mimi huona kazi kubwa imefanyika.

Usisubiri kimya. Dar hii jirani atawasha redio, bodaboda itapiga honi, muuza kahawa atagonga vikombe vyake. Sauti ije, ipite, wewe rudi kwenye pumzi. Wakati mzuri kwa wengi ni alfajiri, kabla hujaigusa simu. Ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara pia inawezekana, ila macho yawe wazi na mkono kwenye mkoba.

Waislamu na Wakristo huniuliza kama hii ni dini ya watu wengine. Mbinu hizi zina asili ndefu katika dini za Asia, ni kweli. Lakini Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alipima miili ya watu wakitafakari miaka ya 1970 na kuona mapigo ya moyo na matumizi ya oksijeni yanashuka, na mwanasayansi Jon Kabat-Zinn akaanzisha mwaka 1979 mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts, bila ibada yoyote. Kuhesabu pumzi hakukuondoi kwenye swala wala kwenye rozari.

Sitaki nikuuzie miujiza. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyokusanya majaribio 47 yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hayakukuta kwamba kutafakari kunazidi dawa au mazoezi ya mwili. Mama mmoja muuza vitenge, aliyeniruhusu nimsimulie bila jina, alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Dakika tano hazikulipa hata shilingi moja ya deni lile. Ila wiki ya tatu simu ya mkopeshaji iliita, kifua kikambana kama kawaida, akashusha pumzi mara tatu ndipo akapokea, na akaomba wapange upya marejesho.

Wapo ambao kufumba macho huwarudishia mambo mazito yaliyowapata. Kama ni wewe, fumbua macho, au tembea polepole ukihesabu hatua. Na kama siku nyingi hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usibaki nyumbani ukihesabu pumzi. Mwambie mtu akusindikize hospitali leo. Muhimbili wana wataalamu wa afya ya akili.