Leusizimu: kumtambua mwewe aliyekosa rangi na mwewe aliyeumbwa mweupe

Leusizimu ni hali ya ndege kuota manyoya, yote au baadhi, yasiyo na melanini, ile rangi inayoleta weusi, udhurungi na wekundu wa kutu. Seli za kutengeneza rangi hiyo hazikufika kwenye ngozi ya sehemu fulani ya mwili, basi manyoya ya hapo hutoka meupe pe. Macho hubaki na rangi yake ya kawaida. Ualbino ni kitu kingine: seli zipo, lakini haziwezi kutengeneza melanini popote, hata ndani ya jicho. Jicho huwa la waridi au jekundu na halioni vizuri. Mwewe anakula kwa macho yake, kwa hiyo albino ni nadra kufikia utu uzima. Ukimwona mwewe mweupe mkubwa anayewinda bila shida, usikimbilie kumwita albino.

Arusha na Moshi kosa huanza mapema zaidi, kwa sababu mwewe weupe wa kawaida tunao wengi. Wa kwanza ni shakivale, Buteo augur, yule anayekaa juu ya nguzo za umeme kuanzia Usa River hadi mitelemko ya Kilimanjaro. Ana sura mbili za kuzaliwa nazo: wengine ni weupe kifuani, tumboni na chini ya mabawa, wengine ni weusi sehemu hizohizo isipokuwa manyoya makubwa ya kurukia. Mweupe huyo akipita juu ya kichwa chako anang'aa kama shuka iliyoanikwa, na hana kasoro yoyote. Wa pili ni Elanus caeruleus, mdogo, mweupe chini na kijivu juu, anayesimama hewani akipiga mabawa juu ya mashamba. Huyu ana macho mekundu kwa asili, na ndiye anayeharibu kanuni ya jicho jekundu kwa wanaoishika bila kutazama mabega: yake ni meusi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi huja pia wageni kutoka kaskazini. Dume la Circus macrourus, la kijivu kilichopauka, huruka chini chini juu ya nyasi za tambarare, na ncha ya kila bawa lake ina kabari nyembamba nyeusi.

Kwa hiyo usipime weupe. Tafuta weusi uliotakiwa kuwapo.

Kwa shakivale mweupe aliyekomaa, sehemu za kukagua ni nne: mgongo mweusi wa kijivu, ncha nyeusi za manyoya ya nje ya bawa, ukingo mweusi wa nyuma ya bawa, na mkia wenye wekundu wa kutu. Zote nne zikiwapo, ndege ni wa kawaida hata kama tumbo linang'aa kiasi gani. Mkia wa hudhurungi wenye mistari na kifua cha rangi ya krimu ni dalili za kinda, wala si za ugonjwa. Mgongo ukiwa na mabaka meupe kabisa, au mkia ukiwa na unyoya mweupe kati ya mwekundu, hapo leusizimu inaingia kwenye hesabu. Manyoya meupe mojamoja yaliyotapakaa bila mpango, yanayozidi mwaka hadi mwaka, mara nyingi ni mvi: ndege naye huota mvi.

Mkia ni shahidi mzuri kuliko sehemu nyingine. Melanini ni za aina mbili, moja ya weusi na moja ya wekundu wa kutu. Ikiwa mgongo umepauka kama chai ya maziwa lakini mkia bado ni mwekundu, iliyopungua ni melanini ya weusi peke yake, na hiyo siyo leusizimu. Manyoya yaliyoguswa na leusizimu hukosa zote mbili. Miguu na ngozi iliyo juu ya mdomo haisaidii sana, maana unjano wake unatokana na chakula, hivyo hubaki hata kwa ndege aliyepoteza melanini.

Jua na kamera nazo hudanganya. Mchana, mwanga unaoruka kutoka kwenye vumbi jeupe huangaza chini ya bawa hadi mistari yote ifutike. Kamera inayopima anga angavu humfanya ndege awe kivuli. Mpiga picha akiongeza mwanga kupita kiasi, kijivu hugeuka cheupe. Piga picha kadhaa kwa vipimo tofauti, na subiri ndege ageuke uone mgongo. Manyoya yaliyopaushwa na jua hujulikana kwa ukingo: sehemu iliyofunikwa na unyoya wa jirani bado ni nyeusi, iliyo wazi imefifia. Unyoya wa leusizimu ni mweupe hadi kwenye shina, na ncha yake huchakaa haraka kwa sababu melanini ndiyo inayouimarisha.

Ukibaki na shaka, mpige picha ndege huyohuyo tena baada ya kubadili manyoya. Aliyepaushwa na jua atakuwa ameota meusi mapya. Mwenye leusizimu ataota meupe palepale.