Je, wajua kwa nini ujumbe uliofutwa kwenye grupu haufutiki kweli?

Kidole kimeshabonyeza, tiki imeshatokea, ndipo macho yanapotua kwenye jina lililo juu ya skrini: si la rafiki uliyemkusudia, ni la grupu lenye watu mia mbili. Unakimbilia kufuta. Sekunde chache baadaye, pale palipokuwa na maneno yako panabaki mstari wa kijivu unaosema ujumbe umefutwa, na wengi hushusha pumzi hapo. Mapema mno.

Ili ujue la kufanya katika dakika ile, fuata kwanza safari ya ujumbe wenyewe. Tuchukue WhatsApp, maana ndiko watu wengi wanakoumbukia. Tangu 2016 kila ujumbe wake hufungwa kwa msimbo ndani ya simu ya mtumaji, na hufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu. Seva iliyo katikati ni tarishi: inapokea bahasha iliyofungwa, inaipeleka kwa kila mwanagrupu, na ikishafika haibaki nayo. Mwenye simu iliyozimwa huwekewa bahasha yake hadi siku 30. Kwa hiyo ujumbe wako haukai "kwenye grupu" kama tangazo lililobandikwa ukutani, kwamba ukilibandua hakuna atakayeliona tena. Grupu la watu 200 lina nakala 200, kila moja mfukoni mwa mwenyewe.

Ndiyo maana unapochagua kufuta kwa kila mtu, hakuna kinachorudi. Simu yako inatuma ujumbe wa pili, usioonekana, unaoziambia simu nyingine: ule wa kwanza uondoeni, mahali pake wekeni mstari wa kijivu. Kufuta ni ombi linalomfukuzia mtangulizi wake kwa njia ileile. Aliyezima simu usiku atapokea vyote viwili kwa pamoja asubuhi, na kwa kawaida ataona mstari tu. Aliyekuwa na simu mkononi alishasoma kabla hujamaliza kusema "mungu wangu".

Ombi hilo hukwama mahali pengi. Simu yenye toleo la zamani la programu inaweza isilitekeleze. Zile WhatsApp za kuigiza, zisizo rasmi, ambazo watu hupakua kwa ajili ya mapambo, nyingi zina kitufe cha kukataa kabisa maombi ya kufuta. Picha ikiwa imeshajihifadhi kwenye albamu ya iPhone, hubaki hukohuko hata kama imetoweka kwenye mazungumzo. Mtu akiwa amekujibu kwa kunukuu ujumbe wako, nukuu inabaki ndani ya jibu lake. Na simu za Android kuanzia toleo la 11 zina historia ya arifa: aliyeiwasha anaweza kusoma arifa zote za saa 24 zilizopita, yako ikiwemo. Sijataja bado picha ya skrini, ambayo haina dawa. Baya zaidi, ombi likishindwa hutaambiwa. Kwako mstari wa kijivu utaonekana vilevile.

Hii haina maana usifute. Futa, tena upesi, kwa sababu kila sekunde inapunguza idadi ya waliousoma. Ila fanya kwa usahihi, maana hofu huzaa kosa la pili. Bonyeza ujumbe na ushikilie, gusa alama ya kufuta, kisha soma kwa makini: chaguo moja linafuta kwa kila mtu, jingine linafuta kwako tu. Ukigusa la kwako tu, ujumbe unatoweka mbele ya macho yako wewe na kubaki kwa wengine wote 199, na wewe huna tena cha kubonyeza ili uufute. Kosa hili lilikuwa la kawaida kiasi kwamba mwishoni mwa 2022 WhatsApp iliongeza kitufe cha kutengua, kinachotokea chini ya skrini kwa sekunde 5. Kikitokea usikishangae, kiguse, ujumbe urudi, halafu ufute upya kwa njia sahihi.

Kosa jingine ni kuzima data. Mtu anaona ameharibu, anaweka simu kwenye hali ya ndege akidhani ameukamata ujumbe njiani. Angalia alama iliyo pembeni ya ujumbe kwanza. Ikiwa ni saa ndogo, ujumbe haujatoka kwenye simu yako. Hapo kuzima data ni akili nzuri, kisha uufute ungali umekwama. Ikiwa ni tiki, hata moja ya kijivu, ujumbe umeshafika kwenye seva na unasambaa. Kuzima simu wakati huo hakuuzuii. Kinachozuiwa ni lile ombi lako la kufuta, ambalo sasa limebaki kwako huku ujumbe wenyewe ukisomwa.

Muda unao. Kipengele hiki kilipoanza 2017 kilitoa dakika 7 tu, baadaye ikawa saa moja na ushei, na tangu Agosti 2022 ni kama siku mbili na nusu. Kwa hiyo ukigundua kosa baada ya saa tatu, usibonyeze kwa pupa. Fungua kwanza taarifa za ujumbe uone nani ameupokea na nani ameusoma. Usitegemee rangi ya tiki: kwenye grupu tiki mbili hutokea pale tu wote wanapokuwa wameupokea, na bluu hadi wote wawe wameusoma, kwa hiyo ujumbe wenye tiki za kijivu unaweza kuwa umeshasomwa na watu 150. Hata waliojizimia tiki za bluu wanaonekana kwenye orodha hiyo, maana mpangilio huo haufanyi kazi kwenye magrupu. Ukikuta karibu wote wameshausoma na maneno yenyewe si ya hatari, kufuta kutawaamsha hata waliopita bila kujali. Mstari wa kijivu una mvuto wake, mtu ambaye asingeuangalia ujumbe wako mara mbili ataanza kuuliza, "jamani, kilikuwa nini?"

Kama tatizo ni neno au tarakimu, kuhariri kunatosha. Tangu Mei 2023 una dakika 15 za kufanya hivyo, na ujumbe utaonyesha tu kwamba umehaririwa, bila kuonyesha ulivyokuwa. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: kuhariri hakutumi arifa mpya. Chukua mfano wa mweka hazina aliyeandika namba ya akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa, akaisahihisha kimyakimya dakika ya kumi. Waliokuwa wameshainakili wataendelea na ile mbovu na pesa zitaenda kusikojulikana. Kwa saa ya mkutano, kiasi cha mchango au namba ya akaunti, futa kabisa kisha tuma ujumbe mpya unaosema wazi: "Namba ya mwanzo ilikuwa na kosa, tumieni hii." Kuhariri kuachie tahajia.

Programu nyingine zina desturi zake. Telegram huhifadhi mazungumzo ya kawaida kwenye seva zake, kwa hiyo kufuta huko kunaondoa nakala ya seva na hakuachi mstari wowote. Kuhariri kunaruhusiwa kwa saa 48. Signal inakupa saa 24 za kuhariri, lakini wenzako wanaweza kufungua matoleo ya awali na kuyasoma. iMessage ya Apple, tangu 2022, inakupa dakika 2 tu za kurudisha ujumbe na dakika 15 za kuuhariri, mara tano basi, na matoleo ya awali yanaonekana vilevile. Gmail ndiyo yenye ujanja wa peke yake: "kutengua" kwake si kurudisha chochote. Barua haijaondoka, imeshikiliwa kwa sekunde 5, 10, 20 au 30 kulingana na ulivyopanga, na ukitengua ndani ya muda huo haiondoki kamwe. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo njia ya uaminifu kuliko zote, na inashangaza kwamba magrupu hayana kitu kama hicho.

Sasa upande wa watu, ambao simu haiwezi kukusaidia. Yako mambo mawili yanayofanywa kwa kukurupuka na yote yanaharibu. La kwanza ni kumwaga stika na salamu kumi ili ujumbe upande juu usionekane. Kila stika ni arifa mpya, inayomwita mtu afungue grupu na kusogeza juu kuona kimetokea nini. La pili ni kutoka. Ukishatoka huwezi tena kufuta ulichoandika, nakala zinabaki kwao, na hata ule utokaji wa kimyakimya ulioanza 2022 si wa siri sana: maadmini wanapata taarifa, na jina lako linakaa kwenye orodha ya waliokuwa wanagrupu kwa siku 60.

Maelezo yako yapimwe na kosa lenyewe. Ujumbe usio na madhara ulioingia grupu lisilo lake unataka mstari mmoja: "Samahani, huo haukuwa wa humu." Usiongeze visa. Uongo wa "mtoto alikuwa anachezea simu" unaaminika mara moja katika maisha, na wengi wameshaitumia nafasi hiyo.

Ikiwa umemsema mtu na yeye yumo humo, grupu lisubiri. Mpigie yeye kwanza, usimwandikie, na ufanye hivyo kabla hajatumiwa picha ya skrini na mtu wa tatu, maana atatumiwa. Taja neno lenyewe ulilosema. "Kama nimekukwaza" inamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika. Baada ya hapo ndipo uandike kwenye grupu, kwa ufupi: "Nilichoandika kuhusu mwenzetu hakikuwa haki. Nimeshazungumza naye. Naomba radhi kwenu pia." Watakaotaka kujua zaidi usiwajibu hadharani. Majibizano ndiyo yanayofanya watu wakumbuke wiki nzima jambo ambalo lingekufa jioni ileile.

Nenosiri, picha ya kitambulisho au jibu la hospitali la mtu mwingine ni habari nyingine. Huko omba radhi baadaye. Futa, badilisha nenosiri palepale bila kujidanganya kwamba hakuna aliyeliona, na mjulishe mwenye taarifa ndani ya saa hiyo ili ajikinge. Ukichelewa kuona, omba msaada kwa admini: tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote, ingawa mstari utaonyesha kwamba ni yeye aliyefuta. Na kama ulichotuma ni uvumi ambao umegundua si kweli, kufuta peke yake hakutoshi, kwa kuwa waliokwisha kuupeleka kwenye magrupu mengine wana nakala zao. Andika kwamba habari ile si ya kweli, taja ni ipi, na uombe waliousambaza wapeleke sahihisho kulekule.

Chanzo cha ajali nyingi ni kidogo kuliko unavyodhani. Orodha ya mazungumzo hujipanga kwa aliyeandika karibuni, kwa hiyo wakati kidole kinashuka kwa rafiki yako, ujumbe mpya unaingia, grupu linaruka juu na kuchukua nafasi yake chini ya kidole. Wabandike juu watu watatu unaoandikiana nao mara nyingi ili wasihame, na magrupu makubwa uyaweke kwenye kumbukumbu. Picha ya skrini ya kumteta mtu nayo huenda kwa mtu huyohuyo kwa sababu rahisi: uliipiga ukiwa ndani ya mazungumzo yake, na ulipoitafuta ili uitume, ulikuwa bado humo. Toka kwanza, ndipo uitume. Kwenye ujumbe wa sauti, telezesha kidole kushoto kuufuta kabla hujaachia. Ukitaka kuusikiliza kwanza, telezesha juu ufunge kurekodi, kisha usimamishe. Na lile grupu ambalo hutaki kabisa ukosee, la kazini au la wakwe, libadilishie mandhari ya nyuma liwe jekundu. Jina lililo juu ya skrini hatulisomi, lakini rangi jicho linaiona hata likiwa na haraka.