Laitimotifu: muziki unaokumbuka

Wasomaji wa fasihi wanaijua motifu: jambo linalojirudia katika hadithi, kama safari au mama wa kambo. Laitimotifu ni jamaa yake upande wa muziki. Ni kipande kifupi, pengine noti chache tu, kinachofungamanishwa na mtu, kitu au wazo, kisha kikawa kinarudi. Neno lenyewe ni la Kijerumani, maana yake motifu inayoongoza.

Mfano mkuu ni Der Ring des Nibelungen ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, opera nne za saa 15 hivi, zilizopigwa zote kwa mfululizo mara ya kwanza mjini Bayreuth, Ujerumani, Agosti 1876. Mwaka huohuo Hans von Wolzogen alichapisha mwongozo uliozipa motifu hizo majina. Majina yanasaidia, ila yamewafanya wengi wadhani kwamba upanga ukionekana jukwaani, basi unapigwa muziki wa upanga, na kazi imekwisha. Sivyo kabisa.

Sikiliza Die Walküre, opera ya pili. Shujaa Siegmund anasimulia alivyompoteza baba yake msituni: alikuta ngozi ya mbwa mwitu, tupu, baba hayupo. Hapo tromboni zinapiga, kwa sauti ya chini, motifu ya Walhall, ngome ya miungu. Hakuna aliyetaja mungu. Siegmund hajui, wenyeji wake hawajui. Lakini sisi tulioisikia katika opera ya kwanza tunang'amua papo hapo kwamba baba huyo ni Wotan, mkuu wa miungu. Mimi kila nikifika hapo nywele hunisimama.

Tena motifu hugeuka. Katika Das Rheingold, opera ya kwanza, tukipandishwa kutoka vilindi vya mto Rhine hadi mlimani, motifu yenye wasiwasi ya Pete, iliyofuliwa kwa dhahabu ya mto huo, inalainika taratibu hadi inakuwa ile ya Walhall, yenye fahari. Umbo ni lilelile. Uroho wa Alberich, kibeti aliyeiba dhahabu hiyo, na utukufu wa Wotan vimetoka tumbo moja.

Nyingine hunyamaza muda mrefu. Katika Die Walküre, Sieglinde, mpenzi wa Siegmund, akiambiwa na Brünnhilde, binti wa Wotan, kwamba ana mimba, anashukuru kwa wimbo unaopaa. Katika Siegfried, opera ya tatu, hausikiki hata mara moja. Unarudi mwisho wa Götterdämmerung, opera ya nne, Brünnhilde akijitosa motoni, na ndio unaofunga opera zote nne. Wengi wameuita ukombozi kwa mapenzi. Kwa Wagner ulikuwa wimbo wa kumtukuza Brünnhilde.