Jioni Unarudi Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Tiba ya Mchana ya Afya ya Akili

Mdogo wangu aliponiruhusu kuandika habari zake alinipa sharti moja: nisiwaache watu wadhani alifungiwa mahali. Kwa wiki 6, hapa Marekani tunakoishi, alitoka nyumbani saa 2 asubuhi kwenda kituo cha tiba ya mchana ya afya ya akili, akarudi saa 9 alasiri, siku 5 kwa wiki. Hisia zilikuwa zikimzidi nguvu hadi anajidhuru. Na maneno tuliyoyasikia kwa ndugu na jamaa ndiyo haya.

"Kwani amekuwa kichaa?"

Hapana. Tiba hii ni ya mtu ambaye kikao kimoja cha ushauri kwa wiki hakimtoshi, lakini hali yake haijafikia kulazwa. Bima ya serikali ya Medicare huhesabu saa: ngazi inayokaribia kulazwa ni angalau saa 20 za matibabu kwa wiki, na iliyo chini yake angalau saa 9. Mdogo wangu alikaa chumba kimoja na mwalimu, dereva wa lori na wanafunzi wawili wa chuo.

"Angekuwa mgonjwa kweli, wangemlaza."

Shangazi yetu ndiye aliyelisema hili, kwa nia njema kabisa, na mimi mwenyewe niliwahi kuliamini. Lakini hebu fikiria: ugomvi uko wapi? Simu isiyojibiwa, neno la mama mezani, usiku usio na usingizi, vyote viko nyumbani. Wodini vinasubiri nje. Anayerudi nyumbani kila jioni anakutana navyo akiwa bado na watu wa kuwasimulia kesho asubuhi.

Alipewa kadi ya kujaza kila usiku: hasira ilifika ngapi kati ya 0 na 5, hamu ya kujidhuru ngapi, alifanya nini. Jumatano moja aliandika 5. Nilikuwa jikoni alipoingia bila kusema neno, akajaza bakuli maji na barafu, akainama, akazuia pumzi na kutumbukiza uso. Akainuka, akarudia. Mara ya tatu mabega yalishuka. Baridi usoni pamoja na kuzuia pumzi hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwili wenyewe ndio unaotulia kwanza, akili inafuata. (Mwenye matatizo ya moyo au ya ulaji amuulize daktari kabla ya kujaribu.) Kesho yake kadi ile ilizungumzwa kituoni, mstari kwa mstari.

Na si hadithi ya nyumba yetu tu. Huko London, wataalamu wa afya ya akili Anthony Bateman na Peter Fonagy walichapisha mwaka 1999 utafiti wa wagonjwa wenye tatizo la haiba liitwalo bodalaini (hisia kali zinazobadilika haraka na mahusiano yasiyotulia) waliotibiwa katika hospitali ya mchana. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 8: kati ya waliotibiwa hivyo, waliojaribu kujiua walau mara moja walikuwa asilimia 23, na kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida ni asilimia 74.

"Wanakaa duara tu wanapiga porojo."

Ni darasa. Mdogo wangu alifundishwa mambo manne: kuukabili wakati uliopo bila kuuhukumu, kustahimili uchungu bila kuuongeza, kuzitawala hisia, na kuomba au kukataa jambo bila kuvunja uhusiano. Mazoezi ya nyumbani yapo, na yanasahihishwa.

"Anadeka, anataka aonwe."

Neno hili linaumiza kuliko yote, na naomba tuliache. Aliyebuni mafunzo hayo manne ni mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa na miaka 17, mwaka 1961, katika hospitali ya akili huko Hartford, akijidhuru vibaya. Alikuwa anaungua kwa uchungu, hakuwa anadeka.

"Haya ni mambo ya Wazungu."

Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wakulima wa vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake. Mchana wanatibiwa hospitalini, jioni wanarudi kijijini kula na watu.

"Aombewe, inatosha."

Mama hakuacha kumwombea hata siku moja. Na ndiye aliyekuwa akimwendesha hadi kituoni kila asubuhi.

"Basi kila mtu aende huko."

La. Mwenye mpango wa kujiua leo usiku asisubiri kliniki ifunguliwe asubuhi. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kwa aliye Marekani, namba ya simu ya msaada 988 hupokelewa saa zote.