Mji unafanya kazi gani? Tuitazame Kilwa Kisiwani

Watu wengi wakisikia neno ustaarabu wanawaza majumba makubwa, ikulu, ngome na minara. Sisi wa malikale, yaani tunaoshughulika na vitu na majengo ya kale, tunalisikia hili kila siku kwa wageni na hata kwa wanafunzi, na ni kweli majengo ndo yanabaki yanaonekana, ila kazi kubwa ya mji ni kuwaweka pamoja watu wasiojuana, wasio ndugu, wengine hata jembe hawashiki, na watu wa namna hiyo lazima watafute njia ya kuaminiana. Hapo ndo vinakuja vipimo, hesabu, sheria, pesa, maandishi. Kule Uruk, Iraq ya sasa, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mambo ya mwanzo kabisa kuandikwa kwenye vibao vya udongo yalikuwa mahesabu ya nafaka, mifugo na pombe, yaani karani anaweka kumbukumbu nani kapewa nini.

Kwetu mfano mzuri ni Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi. Na kwanza tuelewane, Kilwa haikushushwa na jahazi kutoka ng'ambo ikiwa tayari mji. Kwenye karne ya 9 ilikuwa kijiji, nyumba za miti na udongo, watu wanavua, wanafua chuma, wanafinyanga vyungu, wanatoboa shanga za makombe. Ndo tabaka za chini zilizokutwa na mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale miaka ya 1960.

Kilichoibeba ni upepo na dhahabu. Chombo kinakuja na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi, sasa kuteremka mpaka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu na kurudi kwenu ndani ya msimu mmoja ni shida, kwa hiyo Kilwa ikawa mahali pa kukutania, dhahabu inapanda kutoka kusini, vitambaa na vyombo vya China vinashuka kutoka kaskazini. Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga jumba lake la Husuni Kubwa, lina bwawa la pembe nane mpaka leo unaliona, na Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita mwaka 1331 akaandika kwamba Kilwa ni kati ya miji mizuri sana.

Lakini mimi siku zote nawaambia watu waangalie kuta. Matumbawe yakitolewa baharini bado mabichi ni laini, fundi anayachonga mihrabu na vizingiti, yakikauka yanakuwa magumu kabisa. Kuna mtu wa kupiga mbizi, kuna mchongaji, kuna wa kukata kuni na kuchoma chokaa, kuna wa kuleta boriti za mikoko, na vyumba vya Kilwa ni vyembamba kwa sababu boriti ina mwisho wa urefu wake. Mkulima wa peke yake hayawezi haya yote baada ya kutoka shamba, lazima awepo mwingine wa kumlisha fundi, ndo maana mtama na samaki wa watu wa kawaida wamo ndani ya ule Msikiti Mkuu wa Kilwa kama walivyo hao masultani.

Halafu kuna pesa. Kilwa iligonga sarafu zake za shaba, ndogo, upande mmoja jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinakwenda kwa vina kabisa. Moja ilikutwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale bara huko Zimbabwe, tano ziliokotwa mwaka 1944 kisiwa cha Marchinbar, Australia, ila nyingi zinapatikana Kilwa yenyewe na Mafia. Kwa maoni yangu hiyo inaonyesha zilikuwa hela za sokoni, za vitu vidogo vidogo vya kila siku, sio za kununulia dhahabu.

Wareno waliupiga mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaondoka 1512, lakini Sofala walishaishika na biashara ikavurugika. Na tusifiche, soko lile lile na mikataba ile ile ilitumika pia kwa ubaya, mwaka 1776 sultani wa Kilwa alikubaliana na Mfaransa aitwaye Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Huo nao ni ustaarabu wa mji, lazima usemwe.

Magofu haya yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara. Ukienda ukaona kigae au sarafu imelala chini tafadhali usitie mfukoni, hata kama unaona ni kitu kidogo, mwite mwongoza wageni aione ikiwa pale pale, maana ikishahamishwa hatuwezi tena kujua kama ilidondoka sokoni, jikoni au mlangoni kwa mtu.